Nitengeneze Laptopu Yangu ya Zamani au Ninunue Iliyokarabatiwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye meza ya fundi: wanafunzi, walimu, watu wa ofisi za utalii na wenye steshenari, wote wanauliza yaleyale. Bei hatukuziandika kwa sababu zinapanda na kushuka pamoja na dola. Tulichoandika ni namna ya kupima, ili uingie dukani au kwa fundi ukijua unachotafuta. Hela ya laptopu hapa kwetu ni hela ya kujinyima, haifai kuondoka kwa kubahatisha.

## Hali ya mashine uliyonayo

1. Laptopu yangu inachelewa sana kuwaka na kila kitu kinaganda. Ndiyo imekwisha?

Mara nyingi haijaisha. Mashine nyingi za zamani zilikuja na diski ya kuzunguka (HDD), na hiyo ndiyo inayokuchosha. Ndani yake kuna sahani inayozunguka na mkono unaohama huku na huko kutafuta faili, na Windows ya siku hizi inaomba maelfu ya vifaili vidogo kwa wakati mmoja. Mkono ule hauwezi kufuata kasi hiyo.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, kisha tazama mstari wa diski. Ukiona HDD na asilimia imegota 100 wakati hujafungua kitu, mchawi wako ni huyo. Ukibadilisha ukaweka SSD ya SATA, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, kasi ya kusoma inatoka kwenye megabaiti mia moja na kidogo kwa sekunde hadi karibu 500, na kwa vifaili vidogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ikiwa ni GB 4, ipandishe iwe 8 siku hiyohiyo. Watu wengi waliokuja wakitaka kununua nyingine wameondoka na mashine yao ileile baada ya kazi hizo mbili. Lakini soma kwanza swali la 2, maana si kila mashine inastahili gharama hiyo.

2. Nitajuaje mashine yangu ni ya kizazi gani?

Nenda Settings, kisha System, kisha About, usome jina la prosesa, ubongo wa mashine. Kwa Intel, tazama namba iliyo baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10.

Usidanganyike na kibandiko cha i7 kwenye kibodi. Kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017, ndicho kilichopandisha prosesa za kawaida za laptopu, zile zinazoishia na herufi U, kutoka viini (cores) viwili hadi vinne. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaipita i7 ya herufi U ya kizazi cha 4 au cha 6 kwa mbali. Kwa upande wa Intel, kizazi hicho cha 8 ndipo Microsoft walipoweka mpaka wa Windows 11, ukiacha prosesa chache sana za kabla yake. Ndiyo maana tunauita mstari, na maswali mengi yaliyobaki yanaurudia.

3. Kwa kifupi, nitaamuaje?

Jiulize mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kilichoharibika ni nini? Mashine iko upande gani wa mstari wa kizazi cha 8? Gharama ya kutengeneza ni sehemu gani ya bei ya mashine iliyokarabatiwa inayoweza kufanya kazi ileile?

Tuseme fundi anataka shilingi 180,000, na mashine ya kizazi cha 8 uliyoiona dukani ni 450,000. Kama yako nayo ni ya kizazi cha 8, tengeneza. Kama ni ya kizazi cha 3, hiyo 180,000 iweke akiba, ongezea, subiri mwezi mmoja au miwili. Sisi tunaishia kwenye nusu: gharama ikivuka nusu ya bei ya mbadala, tunamshauri mtu aache, hata kama kazi tungeipata sisi. Na jumlisha vyote kwa pamoja. Watu wanatengeneza betri Machi, kibodi Mei, kioo Agosti, na kila mara inaonekana ni hela ndogo.

## Kutengeneza

4. Vitu gani vinafaa kutengenezwa bila kusita?

SSD, RAM, betri, kibodi, feni, tundu la chaji na bawaba ambazo hazijang'oa plastiki. Kioo kinategemea: cha inchi 14 cha kawaida kinapatikana, cha kugusa kinaweza kukula hela hadi ukajuta.

Kabla ya kununua RAM, mwambie fundi afungue kwanza. RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na baadhi ya mashine nyembamba, kama ThinkPad X1 Carbon, RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki kabisa.

5. Fundi amesema bodi imekufa. Nimwamini?

Muulize amepima nini. Fundi wa kweli hakasirikii swali hilo. Amejaribu chaja nyingine yenye volti sahihi? Amechomoa betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha akajaribu kwa chaja peke yake? Ametoa RAM, akaisafisha meno yake na kuijaribu moja moja, tundu kwa tundu? Ameunganisha kioo cha nje kwa HDMI kuona kama ni kioo tu kilichokufa? Tumeona mashine zilizohukumiwa kuwa zimekufa zikiwaka baada ya RAM kufutwa vumbi.

Ikithibitika kuwa ni bodi kweli, kuna ugonjwa wa aina mbili. Kapasita iliyopiga shoti kwenye njia ya umeme inaweza kutafutwa kwa mita, ikabadilishwa, na mashine ikaishi miaka. Lakini chipu ya grafiki au prosesa ikipigwa hita ili "ishike", kwa kawaida inarudi kufa baada ya wiki au miezi michache. Kazi hiyo ya hita usiilipie. Nenda swali la 9.

6. Imemwagikiwa chai. Nifanye nini?

Izime papo hapo kwa kushikilia kitufe, chomoa chaja, igeuze kibodi itazame chini, uilete. Usiiwashe "kuangalia kama inafanya kazi". Maji yenyewe hayaui bodi kwa haraka kama umeme unaopita ndani ya maji. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, kwa sababu sukari na maziwa vinabaki palepale vikila shaba. Bodi inatakiwa itolewe na isafishwe kwa spiriti kali ya isopropili siku hiyohiyo, au kesho yake.

Ikiwahishwa, nyingi zinapona kwa bei ya kusafisha na kibodi mpya. Ikikaa wiki mbili kabatini, ukutu wa kijani unakuwa umeshakula miguu ya chipu, na hapo rudi swali la 5.

7. Inapata moto, feni inalia muda wote, halafu inajizima. Ni dalili ya kufa?

Ni vumbi. Kwa wanaokaa kando ya barabara za vumbi, Muriet, Kwa Mrombo, au vijiji vya tambarare chini ya Moshi ambako na joto nalo lipo, ukifungua feni unakuta blanketi la kijivu limeziba mapezi yote ya kupozea. Likitolewa, na pesti ya juu ya prosesa ikapakwa upya, mashine inanyamaza. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote kwenye orodha hii, na inafaa kufanywa kila mwaka. Usiweke laptopu juu ya godoro au blanketi wakati inafanya kazi.

8. Betri imevimba, padi ya kugusa imeinuka. Naweza kuendelea kidogo?

Hapana. Zima, usiichaji, usiitoboe, usijaribu kuikandamiza irudi. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto. Itolewe na mtu anayejua, kisha mashine unaweza kuitumia kwa chaja peke yake hadi upate betri nyingine. Betri ikiwa ya ndani na modeli ni ya zamani sana, itabidi uagize kutoka Dar. Mzigo mdogo unapakiwa kwenye basi la Kariakoo na kufika Arusha ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtu akikwambia mwezi mzima, uliza kwa mwingine.

## Kununua iliyokarabatiwa

9. Iliyokarabatiwa na iliyotumika tu zinatofautianaje?

Iliyotumika imebadilisha mikono tu. Iliyokarabatiwa inatakiwa iwe imefunguliwa, imesafishwa, imepimwa, sehemu mbovu zimebadilishwa, na data za mwenye mwanzo zimefutwa. Nyingi zinatoka kwenye makampuni ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba yanayobadilisha vifaa vya wafanyakazi kila baada ya miaka michache.

Tatizo ni kwamba neno hilo kila muuzaji anaweza kulisema. Daraja A, B na C nayo yanahusu zaidi sura ya nje: mikwaruzo, rangi ya kibodi, alama za kioo. Hayakwambii chochote kuhusu betri. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja: "Mmebadilisha nini humu?" Akijibu "hii ni original kabisa, haijafunguliwa", basi hajakarabati kitu, na bei inapaswa kushuka.

10. Nitafute modeli gani?

Chukua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490, Lenovo ThinkPad T480, na zilizokuja baada yake. Zote tatu ni za kizazi cha 8 (baadhi za bei ya chini zinaweza kuwa na cha 7, kwa hiyo soma prosesa), zote zina matundu mawili ya RAM, na spea zake mafundi wanazifahamu. T480 ina betri mbili, moja ya nje unayoweza kuibadilisha bila bisibisi. Ila ijaribu kwenye tundu la USB-C: modeli za wakati huo zilikuwa na hitilafu ya programu ya ndani iliyoua tundu hilo, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha.

Zinazofanana majina zisikuchanganye. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, ingawa kwa macho inavutia na bei yake inashawishi. Na laptopu za plastiki za nyumbani, hata zikiwa mpya zaidi, bawaba zake zinavunjika mapema. Kati ya hiyo na Latitude yenye mikwaruzo, sisi tungechukua Latitude.

11. Nikifika dukani nipime nini?

Nenda na flashi, spika za masikioni na bando kwenye simu, na usiende saa kumi na moja jioni muuzaji anapotaka kufunga. Saa nzima ni haki yako.

Omba mashine iwashwe mbele yako ikiwa imezimwa kabisa. Mashine inayokukuta tayari inawaka inaweza kuwa imeficha ugonjwa wa kuwaka. Inapoanza, ingia BIOS, programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila, iache (swali la 12). Ikifunguka, linganisha namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo ndani na ile iliyo kwenye kibandiko cha chini. Zikitofautiana, mtu ameunganisha mashine mbili.

Ukishaingia Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, ambao ni uwezo betri iliyozaliwa nao, na Full Charge Capacity, ambao ni uwezo uliobaki. Ukiona 50,000 na 31,000, umebakiwa na asilimia 62. Chini ya 60, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mazungumzo. Betri za bandia zinaweza kuandika namba nzuri, kwa hiyo usiishie hapo: chomoa chaja, cheza video kwa dakika ishirini, utazame asilimia inashuka vipi. Ikidondoka ghafla kutoka 70 hadi 40, ripoti ilikudanganya.

Wakati video inacheza, shika chini ya mashine, sikiliza feni, na ipanue na kuifunga mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, hata vile usivyovitumia. Chomeka flashi kila tundu la USB, spika za masikioni kwenye tundu lake, jaribu kamera, maikrofoni, na Wi-Fi kwa kutumia simu yako. Weka ukurasa mweupe kioo kizima kisha mweusi: kwenye mweupe utaona madoa, kwenye mweusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Mwisho muombe muuzaji aweke CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosema afya ya diski na imefanya kazi saa ngapi.

Muuzaji akikuzuia kufanya lolote kati ya haya, mshukuru, toka. Kwa Arusha, kuanzia Mnara wa Saa ukifuata Barabara ya Sokoine hutakosa duka jingine.

12. Nywila ya BIOS ina shida gani? Muuzaji anasema fundi anaitoa.

Inaweza kuashiria kuwa kampuni haikuiachia mashine rasmi, au imeibwa. Baadhi ya kampuni pia zinafunga mashine kwa kuisajili kwenye mtandao wao: unaweka Windows upya, unaunganisha intaneti, na skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni ya nje usiyoifahamu, inataka barua pepe ya kazini. Ndiyo maana ni vizuri kuona mashine ikiwekwa Windows upya na kuunganishwa na intaneti kabla hujalipa. Bei ikiwa ya chini kupita kawaida, sababu mara nyingi ni hii.

13. Niombe waranti ya muda gani, na risiti ina umuhimu gani?

Waranti ya mdomo ni salamu tu. Iandikwe: miezi mingapi, inahusu nini, na kama betri na chaja zimo. Miezi mitatu ni ya chini kabisa tunayoikubali.

Risiti ya EFD ni lazima. TRA wanasema "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", na hapa faida ni yako moja kwa moja, kwa sababu ndiyo inayothibitisha umenunua nini, lini na kwa nani. Muuzaji aandike namba ya mashine pembeni au kwenye karatasi ya waranti. Hata polisi wakikusimamisha na mashine iliyoibwa kwa mtu, karatasi hiyo ndiyo inayokutetea.

14. Niifuate Kariakoo, bei ni nafuu?

Bei ya mashine inaweza kuwa nafuu, lakini hesabu nauli ya kwenda na kurudi (kutoka Arusha ni kilomita zaidi ya 600 kila upande), malazi, na siku za kazi. Halafu ikiharibika mwezi wa pili, waranti iko Dar na wewe uko Ngaramtoni. Kwa mashine moja, nunua karibu. Kwa shule au ofisi inayochukua kumi, safari inalipa. Kutuma hela kwa muuzaji usiyemjua ili akupakilie kwenye basi, hapana, kwa sababu swali la 11 lote linakuwa limekufa.

15. Kibodi ni ya Kijerumani au Kifaransa na chaja ina plagi ya nje. Ni tatizo?

Chaja si tatizo ikiwa imeandikwa 100–240V. Nunua waya mwenye plagi yetu ya pini tatu uachane na viadapta vilivyolegea, ambavyo hupiga cheche. Kibodi ni usumbufu zaidi, maana ile ya Kifaransa imehamisha hata herufi A. Tumia kama sababu ya kupunguziwa bei, kisha ubadilishe.

## Hali za pekee

16. Mashine yangu ni nzima lakini haikubali Windows 11. Nifanyeje?

Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaishia 13 Oktoba 2026. Mashine haizimiki, ila bila mpango huo matundu ya usalama hayazibwi tena. Kwa anayefanyia benki au malipo ya serikali kwenye mashine hiyo, tunashauri ahame.

Ukitumia kivinjari, barua na LibreOffice tu, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwenye SSD, utapata miaka mingine. Kuna wanaoweka Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine za kizazi cha 6 au 7, na inafanya kazi, lakini Microsoft hawaahidi masasisho. Muuzaji anayekuuzia mashine ya namna hiyo lazima akwambie wazi, na bei ilingane na ukweli huo.

17. Mimi ni mwanafunzi. Inatosha ipi?

Kwa uhasibu, ualimu au ushirika, kizazi cha 8, RAM GB 8 na SSD ya GB 256 vinatosha hadi kumaliza chuo. Kwa AutoCAD, ArchiCAD au kuhariri video, RAM iwe 16, na hapo kutengeneza mashine ya zamani hakusaidii, hata ukiweka SSD.

18. Na MacBook?

Kwa MacBook Air na Pro za 2018 na kuendelea, diski na RAM vyote vimekuwa sehemu ya bodi. Bodi ikifa, data inaweza kufa nayo. Ukinunua, hakikisha mwenye mwanzo ameshatoa akaunti yake ya Apple, la sivyo Activation Lock itakufungia nje ya mashine uliyoilipia.

19. Data zangu zitakuwaje?

Zitoe kabla ya kumpa fundi mashine, si baada. Kama haiwaki, diski nyingi zinachomoka na kusomwa kwa kebo ya USB. Kikwazo ni BitLocker: mashine nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa msimbo zenyewe, na bodi ikibadilishwa utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Ingia leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute, uunakili kwenye karatasi. Wanafunzi wamepoteza tasnifu nzima kwa kukosa ufunguo huo, diski ikiwa nzima kabisa mkononi.

20. Ile mbovu niifanyeje?

Toa diski ubaki nayo. Iliyobaki mafundi wanainunua kwa ajili ya kioo, kibodi, RAM na bawaba, na maduka mengine yanakubali uiongezee hela upate nyingine, ila ulizia kwanza thamani yake kwa mafundi wawili. Betri usiichome pamoja na taka za nyumbani wala usiitupe shambani. Mwachie fundi pamoja na mashine.